Kinywaji Kisichopenda Safari

Kuna vinywaji vilivyofanywa kwa ajili ya safari, na kuna vingine ambavyo ni lazima vifuatwe vilipo. Bia ya chupa ni ya namna ya kwanza. Huchujwa mpaka ikang'aa, hupashwa moto ili kila kilicho hai ndani yake kife, hutiwa gesi, hufungwa kizibo, kisha hupakiwa melini au katika lori. Na aifunguaye Mwanza huonja kile kile akionjacho aifunguaye Manchester. Bia ya pipa ya vijijini mwa Uingereza ni ya namna ya pili. Hutoka kiwandani ikiwa bado hai. Hamira iliyomo huendelea na kazi yake gizani, katika chumba kilicho chini ya baa, na gesi hafifu itokanayo na kazi hiyo ndiyo peke yake itakayoipa povu. Mwenye baa hulilaza pipa, hulitoboa, hulingoja mpaka mashapo yatuame, ndipo aanze kuivuta bia kwa pampu ya mkono hadi glasini. Tangu hapo hewa huingia, na kinywaji huanza kuhesabu siku zake: tatu, au zaidi kidogo kwa mtunzaji hodari. Baada ya hapo huelekea kuwa siki. Hakipendi joto, hakipendi baridi kali, na hakipendi kabisa kutikiswa. Mtu atakaye kukijua hana budi kukiendea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilikaribia kutoweka. Viwanda vikubwa vilikuwa vimevimeza vidogo, na hesabu zao ziliwaonyesha kwamba bia iliyokwisha kufa ndiyo isiyo na matata. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza, wakiwa likizoni pwani ya magharibi ya Ireland, walianzisha chama cha kuitetea ile iliyo hai. Kwamba walikwenda nchi ya watu ndipo wakakumbuka cha kwao ni jambo lenye kichekesho chake, lakini ndivyo ilivyo kwa mambo mengi ya nyumbani. Chama hicho, CAMRA, kina wanachama zaidi ya laki moja, na bila shaka bila ya hicho kisa cha Hesket Newmarket kisingekuwapo.

Hesket Newmarket ni kijiji kidogo cha wilaya ya Cumbria, kaskazini kabisa mwa Uingereza, katika pande ambazo wenyeji huziita Nyuma ya Skiddaw, yaani upande wa kisogoni wa mlima huo, ambako watalii wa maziwani hawafiki kwa wingi. Nyumba zake za mawe zimepangwa pande mbili za uwanja mrefu wa majani. Miongoni mwao imo baa iitwayo Old Crown, na nyuma ya baa hiyo lipo banda la zamani ambamo mwaka 1988 palianzishwa kiwanda cha bia. Neno kiwanda lisimdanganye msomaji. Ni banda tu. Bia zilizotoka humo zilipewa majina ya milima ya pande hizo: Skiddaw, Blencathra, High Pike, Carrock. Ilikuwa kama kwamba mtu wa Moshi angeagiza glasi moja ya Kibo na nyingine ya Mawenzi, huku vilele vyenyewe akiviona dirishani.

Mwezi wa Septemba mwaka 2018 watu wawili waliiendea baa hiyo kwa miguu kutoka Mosedale, ng'ambo ya pili ya mlima. Mmoja ni mzaliwa wa Marangu, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Mwenziwe ni mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Unguja. Walikuwa wakifanya kazi katika mji mmoja, Carlisle, na ilikuwa desturi yao kutembea siku za mapumziko, yule wa Marangu kwa kuikumbuka milima, yule wa Unguja, kama alivyopenda kusema, kwa kumwonea huruma mwenziwe asitembee peke yake.

Njia yao ilikuwa kiasi cha kilomita 12. Walianza kwa kuupanda Carrock Fell upande wa mashariki, ambao ni mkali, wenye mawe makubwa meusi na vichaka vinavyokwaruza miguu. Mlima wenyewe haufiki mita 700, kimo ambacho mtu wa Kilimanjaro angeona haya kukiita mlima. Lakini huko kaskazini mawingu hushuka chini mno, na mita 600 zikiwa ndani ya mawingu ni mlima kamili. Juu yake yamezunguka mabaki ya ukuta wa mawe wa ngome ya kale, ya wakati wa kabla ya Warumi. Mawe ya mahali hapo yana chuma ndani yake, na dira ikiwekwa juu yake huweza kudanganya.

Dira ndiyo iliyomfanya mlima huu uingie katika historia ya fasihi. Mwezi wa Septemba mwaka 1857 Charles Dickens na rafiki yake Wilkie Collins walifika Hesket Newmarket, wakamshawishi mwenye nyumba ya wageni awaongoze hadi kileleni. Mvua ilinyesha, ukungu ukatanda, mwenye nyumba akapotea, dira ya Dickens ikavunjika, na katika kuteremka Collins akateguka kifundo cha mguu hata ikambidi rafiki yake amsaidie kwa kumbeba. Kisa hicho walikichapisha mwaka huo huo katika gazeti la Dickens, wakijiita wanagenzi wawili wavivu. Yule wa Unguja, aliposimuliwa habari hizi pale kileleni, aliuliza swali moja tu: kama mwenye nyumba ya wageni alilipwa.

Siku hiyo hapakuwa na ukungu. Kutoka High Pike, mlima wa pili, ambao juu yake pamewekwa kiti cha mawe, waliiona ghuba ya Solway ikimeta, na ng'ambo yake milima ya Scotland. Kisha wakaanza kuteremka kaskazini, wakiyapita mashimo ya migodi ya zamani ya risasi na shaba, mpaka wakaufikia ukuta wa kwanza wa mashamba.

Hapo mtu wa Unguja alisimama.

"Yakhe, hili shamba la watu. Mwenyewe akitukuta tutamwambia nini?"

"Shamba ni lake, njia ni ya wote," alijibu mwenziwe. "Panda ukuta, sheikh. Ngazi hiyo wameiweka kwa ajili yako."

Mtu wa Marangu hakutia chumvi. Sheria ya ardhi ya Uingereza, ambayo katika mengi humpendelea mwenye mali, ina pengo hili la ajabu: njia iliyopitwa na watu wote kwa miaka 20 bila ya kuzuiwa na bila ya kuomba ruhusa huweza kuhesabiwa kuwa njia ya umma, hata kama inakata shamba la bwana mkubwa katikati. Hujengwa kwa nyayo. Lakini huhitaji watetezi pia. Vyama vya watembezi hukagua ngazi na vibao, na hupiga kelele mkulima akipanda mahindi juu ya njia au akimfungia fahali pasipostahili. Njia isiyotembewa huota miiba, na iliyoota miiba haikosi mtu wa kuapa kwamba haikuwapo.

Walifika Old Crown saa nane na nusu za mchana. Baa yenyewe ni ndogo. Mtu mrefu hukumbushwa urefu wake mlangoni. Jikoni pamoto, miguu ina tope, mbwa wa mtu mwingine amelala njiani. Yule wa Unguja hanywi pombe na hajapata kunywa. Aliagiza chai, akaletewa katika birika la udongo pamoja na maziwa mbali, na hapana aliyemtazama mara mbili. Jambo hili lafaa kutajwa, kwa kuwa mgeni aghalabu hudhani kwamba baa ya kijiji ni mahali pa kulewa. Wapo wanaolewa. Lakini mchana wa Jumamosi ya Septemba, katika watu kumi na mmoja waliokuwamo, watatu walikuwa na chai au kahawa, mmoja alikuwa mtoto mwenye kitabu, na bibi mmoja alikuwa akifuma sweta huku glasi yake ikiwa haijaguswa.

Mtu wa Marangu alichagua bia ambayo peke yake haikuwa na jina la mlima. Iliitwa kwa jina la bibi mmoja, Doris, nayo ilitungwa kuadhimisha kutimia kwake miaka 90. Ililetwa katika glasi ya painti, nusu lita na kidogo, rangi yake ya asali iliyokaa, povu lake jembamba. Haikuwa ya moto, kama Waafrika waliokwisha kuishi Uingereza wanavyopenda kusimulia wakirudi nyumbani, wala haikuwa ya barafu. Ilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungi. Na ubaridi huo una sababu yake, maana ulimi uliogandishwa hauonji kitu. Kwanza ulikuja utamu wa kimea, kama wa mkate uliobanikwa. Kisha kitu kama tunda, ambacho kilipita kabla ya kujulikana ni tunda gani. Mwisho uchungu wa maua ya hopsi, uliobaki nyuma ya ulimi muda mrefu kuliko vyote, ukidai funda la pili.

Uchungu huo ulimpeleka nyumbani. Bibi yake mzaa mama alikuwa mpika mbege. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa zichache siku kadhaa, huchujwa, kisha maji yake huchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Na ili utamu usimchoshe mnywaji, hutiwa maganda ya mti wa msesewe, machungu kama dawa. Kimea, hamira, na uchungu wa mmea wa kuuzuia utamu: wanawake wa mteremko wa Kilimanjaro na wanawake wa vijiji vya Uingereza, ambao kwa karne nyingi ndio waliokuwa wapishi wa bia kabla ya wanaume kuona kwamba ina fedha, waliifikia kanuni moja bila ya kupelekeana habari. Na mbege nayo haisafiri. Leo ni tamu, kesho ni kali, kesho kutwa humwagwa. Ndiyo maana kila kitongoji kilikuwa na kilabu chake, na kila kilabu kilikuwa na zamu ya wapishi, na mtu aliyealikwa kusuluhishwa na ndugu yake alijua kata itapita mkononi mwa nani kwanza na mwa nani baadaye.

Alipokuwa akiyaeleza hayo, mwenziwe alikuwa akisoma karatasi iliyobandikwa karibu na mlango. Ilieleza kwa ufupi habari ambayo kila mwenyeji wa pale anaijua. Waanzilishi wa kile kiwanda walipotaka kupumzika, mwaka 1999, wanakijiji walihofia kwamba mnunuzi wa mbali angelichukua jina na kuliacha banda. Wakachanga, wakaunda ushirika, wakakinunua. Miaka minne baadaye, mwaka 2003, ikawa zamu ya baa yenyewe kuuzwa. Wakachanga tena. Watu zaidi ya 100, wakulima, wastaafu, walimu, mpanda milima mmoja mashuhuri, kila mmoja akatoa fedha yake, na Old Crown ikawa baa ya kwanza nchini Uingereza kumilikiwa kwa ushirika na watu wanaokaa ndani yake.

Ushirika si neno geni kwa mtu wa Marangu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao, KNCU, tangu mwaka 1933, na watoto wa mlimani walilisikia jina hilo kabla ya kujua kusoma. Wala si geni kwa kaskazini ya Uingereza, kwa kuwa wafumaji wa Rochdale, ambao vyama vyote vya ushirika huwahesabu kuwa wazee wao, walifungua duka lao mwaka 1844, si mbali sana na hapo. Kilichokuwa kigeni ni kitu chenyewe kilichonunuliwa. Watu huungana kuuza kahawa, au kununua unga. Hawa waliungana kununua mahali pa kuketi.

Walikuwa na sababu. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zipatazo 60,000. Miaka 20 baadaye zilibaki chini ya 50,000, na zilizokufa nyingi hazikufa kwa kukosa wanywaji. Zilikufa kwa sababu nyumba ikigeuzwa makazi ina bei kubwa kuliko ikiachwa baa, na mwenyewe alikuwa kampuni iliyo mbali, isiyomjua bibi anayefuma sweta. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria iliyowapa wanavijiji haki ya kuiorodhesha baa yao kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na kupewa miezi sita ya kutafuta fedha inapotangazwa kuuzwa. Watu wa Hesket Newmarket hawakuisubiri sheria hiyo. Wametembelewa na vijiji vingi tangu wakati huo, vikiuliza walifanyaje.

Mtu wa Unguja alirudi mezani, akaketi, akaigeuza geuza bilauri ya chai.

"Wao wengi," alisema. "Ndiyo maana imebaki. Sisi nyumba ya babu tuliiuza kwa sababu hiyo hiyo, kwamba tu wengi."

Habari ya nyumba hiyo mwenziwe alikuwa hajapata kuisikia. Ilikuwa Mji Mkongwe, na nje yake palikuwa na baraza ya mawe, upana wa kulala mtu. Kila siku baada ya sala ya alasiri babu alikaa hapo, na muuza kahawa akapita na dele lake na vikombe vyake vikigongana, na hapo hapo yalichezwa bao, yakasomwa magazeti, ikapangwa posa, na mara moja, kwa mujibu wa wazee, ikazuiwa talaka. Babu alipofariki warithi walikuwa 11. Kisha wengine wakafa na warithi wao wakaingia, wengine Muscat, wengine Dubai, mmoja Canada asiyejibu barua. Kila mmoja alikuwa na fungu lake halali, na fungu halali haliwezi kukaliwa. Laweza kuuzwa tu. Nyumba ikawa hoteli. Baraza haikuvunjwa, kwa kuwa mji huo umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na wageni huzipenda baraza. Imewekwa vyungu vya maua kutoka mwanzo hadi mwisho, asipate mtu kukaa.

"Angeliiweka wakfu," alisema mtu wa Unguja. "Wakfu hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Angeliandika mstari mmoja tu: baraza hii ni ya wakaao." Kisha akacheka, akaifunika midomo kwa kiganja. "Astaghfirullah. Nakaa katika baa nawaza wakfu."

Mtu wa Marangu hakucheka. Kilabu cha bibi yake hakikuuzwa na mtu yeyote wala hakikuwa na warithi wa kugombana. Kiliondoka kwa njia nyingine. Vijana walianza kuona haya kushika kata. Bia ya chupa ilikuwa na friji na muziki. Halafu vikaja viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali zilizouzwa kwa bei ya kiberiti, ambazo mtu alizinywa amesimama, peke yake, kwa dakika moja, akaenda zake. Serikali ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Wakati huo yule bibi alikuwa amekwisha kufariki, na katika binti zake watatu hakuna aliyejua kipimo cha msesewe. Mbege ingaliko, hasa kwenye harusi na matanga. Lakini kile kibanda chenyewe, chenye mabenchi ya magogo yaliyolainishwa na makalio ya miaka 40, alikikuta mara ya mwisho kimefungiwa mbuzi. Haikumpitikia mtu, yeye akiwa wa kwanza, kwamba kitu kama kile kingeweza kuchangiwa.

Alikwenda kulipa. Mwenziwe alimfuata mpaka kaunta akamwuliza yule binti wa baa, kwa Kiingereza chake cha adabu nyingi, itakuwaje mmoja wa wenye hisa akifa. Binti alisema hajui vizuri, lakini babu yake mwenyewe ni mmojawapo, na anavyosikia ni kwamba katika ushirika kura ni moja kwa kila mtu, awe na hisa nyingi au chache. Kwa hiyo mtoto wa London hawezi kuja akaiuza kwa sababu tu amerithi. Kisha akauliza kama wangependa chai nyingine.

Gari la rafiki yao lingewangoja Caldbeck, kilomita mbili hivi magharibi, kwa njia ya mashambani. Mtu wa Marangu alitembea polepole, ladha ya hopsi ikiwa bado nyuma ya ulimi. Mwenziwe alitangulia. Alipanda ngazi ya ukuta wa kwanza bila ya kusita, akakaa juu yake, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, akaanza kuhesabu kwa vidole: wa Muscat wanne, wa Dubai wawili, Unguja kuna mjomba na wale dada, na yule wa Canada, ambaye yamkini, akiandikiwa na mtu mwingine, angejibu.